Moyo wa Mtani Wangu Ponsiano

Jumatatu, 15 Machi 1954. Kabuku.

Polisi wameandika maneno yangu katika karatasi nne. Basi na mimi naandika yangu. Daftari hili lilikuwa la korona, mashine yetu ya kuparua mkonge, na kurasa nyingi zimebaki tupu. Jina langu Mbaruku bin Mdoe, Mzigua wa Handeni. Nilisoma kwa Wadachi miezi saba. Mwalimu alinichapa, nikamnyang'anya fimbo, elimu yangu ikaishia hapo. Lakini herufi nazijua zote, hata zile kubwa. Wakati wa vita vya kwanza nilibeba bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi, kutoka Handeni mpaka Rufiji, na sasa mwaka wa ishirini na mbili naangalia mabomba ya maji ya korona. Hapa shambani hakuna wa kuniambia kitu.

Juzi Jumamosi amekufa Ponsiano. Wanasema nimemwua mimi.

Nitaeleza kama nilivyoeleza kule kituoni, ila huku hakuna wa kunikatiza. Ponsiano ni Mnyamwezi, alikuja na manamba zamani. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani tangu misafara ya babu zetu. Mtani wako unamtukana asubuhi, unachukua kuku wake mchana, na akifa wewe ndiye unayeingia kaburini kwanza, unalala humo, unakataa kutoka mpaka wakubembeleze na kukulipa. Miaka kumi na tisa Ponsiano ananiita mtumwa wake, na mimi namwahidi kumzika. Hiyo ndiyo salamu yetu. Hujambo hatukuambiana hata siku moja.

Jumamosi nilimkuta kwenye waya za kuanikia singa, nyuzi za mkonge, amekalia tita, anahema kama mvukuto. Nikamwambia, "Wanyamwezi mmekwisha! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe singa mbichi imekushinda. Mwaka huu nakuzika, na kofia yako navaa mimi."

Akasema, "Mtumwa wangu, utatangulia wewe. Ngozi yako nitaiwamba ngoma."

"Kama kweli wewe dume, beba matita mawili."

Akacheka, akajitwika mawili. Akaenda hatua kama ishirini, akayashusha polepole kama mtu anayeweka mayai. Akakaa. Akashika kifua, akanigeukia, akasema, "Umenipiga na nini, Mzigua?" Akacheka. Hakusema neno jingine.

Watu walisikia wote. Na mwanawe Lukasi alisikia, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi. Lukasi ni karani, amelelewa misheni huko Tabora kwa ndugu za mama yake, hapa ana mwaka mmoja tu. Ukimtania anakutazama kama umemkanyaga. Yeye ndiye aliyepeleka habari polisi.

Jumanne, 16 Machi.

Mvua ya kwanza ya masika. Nimesahau kuandika jana: inspekta ni kijana, ndevu hazijamwota sawasawa. Akauliza kwa mkalimani, "Ulisema utamzika?"

"Nilisema."

"Ulisema utavaa kofia yake?"

"Nilisema, na nitavaa."

Mkalimani akaninong'oneza, "Mzee, punguza." Nikamwambia, "Andika kama ninavyosema, wewe si mama yangu." Nikamweleza inspekta habari ya utani. Akataka kujua umeandikwa katika kitabu gani. Akamuuliza Lukasi, na Lukasi akasema utani ulikwisha na misafara, siku hizi ni kisingizio cha watu wenye chuki. Walipotaka nitie dole gumba nikakataa. Nikaandika jina langu zima, likaingia mpaka kwenye mstari wao.

Wameniachia mpaka dakitari aseme. Kila Jumamosi niende kituoni wanione. Dakitari akisema nilimpiga au nilimlisha kitu, ni kamba. Kamba ya mkonge bila shaka, pengine ya hapahapa kwetu.

Jumatano, 17 Machi.

Wamemzika Ponsiano juzi, wakati mimi nikiwa kituoni. Maiti ilirudi kutoka Korogwe, kwenye hospitali ya mashamba ya mkonge, imeshapasuliwa. Hakuna mtani aliyeingia kaburini. Walitafuta Mzigua mwingine, wote wakaogopa. Ameshushwa kimyakimya kama mtu asiye na watu. Mke wangu Mwatumu alikwenda. Anasema padri alikuwa na haraka kwa sababu ya mawingu.

Alhamisi, 18 Machi.

Mvua.

Jumamosi, 20 Machi.

Kituoni. Wameniona. Na mimi nimewaona.

Jumanne, 23 Machi.

Nimekwenda kwa Grasiana, mjane. Kwa desturi mtani haombi ruhusa, anaingia anachukua sufuria jikoni. Mimi nilibisha hodi. Ni mara ya kwanza katika nyumba ile.

"Nani?"

"Mtumwa wa mumeo."

Akasema akiwa ndani, "Bwana Mbaruku, alisema umempiga. Mwenyewe nilimsikia, nilikuwa natoka kisimani."

"Shemeji, alikuwa anatania."

"Mtu anatania huku anakufa?"

"Ponsiano, ndiyo."

Hakufungua. Nimerudi na mvua yangu. Sikulia, macho yangu ni mabovu tangu Rufiji.

Jumamosi, 27 Machi.

Kituoni. Karani wa polisi ameniuliza kama nimekumbuka jambo jipya. Nimesema nimekumbuka kwamba sijanywa chai. Hawakunipa.

Jumatatu, 29 Machi.

Korona imesimama, bomba limeziba. Wamehangaika nalo tangu asubuhi, mwisho wakaniita. Maji yetu yana chokaa, yanaganda ndani ya bomba gamba juu ya gamba, mpaka tundu linakuwa la kupita kidole, halafu la kupita kijiti. Nje bomba linang'aa. Nimelifungua kabla ya saa sita. Nyapara akasema ahsante mzee. Mmoja wa watu waliokuwapo alihama pale nilipoweka mkono.

Jumanne, 6 Aprili.

Mvua siku nane. Sikuandika kwa sababu hakuna cha kuandika. Watu wakiniona njiani wanafunga midomo. Zamani nikipita walikuwa wanangoja nimtukane Ponsiano wapate kucheka.

Alhamisi, 8 Aprili.

Leo nina jambo.

Semboja amekuja kwenye zahanati ya shamba. Ni dresa wa kule hospitali, Mshambaa wa Mpale, nyumba yake iko Kilole, hukohuko Korogwe. Anakuja kila baada ya wiki mbili na sanduku la dawa. Nikajipanga foleni pamoja na wagonjwa. Ilipofika zamu yangu akasema, "Shikamoo mzee. Unaumwa nini?"

"Naumwa Ponsiano. Mlimkuta na nini?"

Akatazama mlangoni. "Mzee, siruhusiwi. Dakitari atasema barazani."

"Kijana, mimi nimebeba bombomu kabla mama yako hajaota meno. Sema."

"Siwezi."

"Nitakaa hapa. Nyuma yangu kuna watu thelathini."

Akakuna kichwa. Akasema neno moja tu, tena alidhani linanituliza: "Usihofu mzee, ushahidi upo salama. Moyo wake upo katika chupa."

Nikamuuliza mara mbili. Kweli. Dakitari alitoa moyo pamoja na ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, akavitia katika chupa ya dawa visioze, kwa ajili ya kesi. Mwili mwingine wakaushona, wakaurudisha.

Kwa hiyo tumemzika Ponsiano bila moyo. Wamezika, mimi sikuwapo. Tazama, ndivyo inavyokuwa mkizika bila mtani! Mimi ningeingia kaburini ningempapasa.

Ijumaa, 9 Aprili.

Mwatumu anasema ninyamaze. "Ukimwambia Grasiana watasema unachochea. Ngoja uokoe shingo yako kwanza."

Nimemwambia shingo yangu ni ya zamani, imeshatumika. Moyo wa Ponsiano si mali ya polisi.

Jumapili, 11 Aprili.

Nimekwenda kanisani kwao, nikasimama nje kwenye matope mpaka wakatoka. Mimi Mwislamu, sikuingia. Grasiana alipotoka na Lukasi nikasema mbele ya watu wote, "Shemeji, mumeo hakuzikwa mzima. Moyo wake uko Korogwe ndani ya chupa. Mimi nitaudai. Mkitaka njooni, msipotaka nitaudai peke yangu."

Grasiana akashika mkono wa mwanawe. Lukasi akasema, "Mzee, huna haya?"

"Sina. Mtani hana haya. Baba yako alikufundisha nini?"

"Baba yangu alikufa anakutaja."

"Naam! Alinitaja mimi. Wewe hakukutaja."

Hilo nilikosea. Naliandika humu, wala silifuti. Uso wa kijana ulivunjika kama sahani, nami nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona: huyu hanichukii. Alikaa mbali na babake tangu akiwa mdogo, amekuja wakae pamoja, mwaka mmoja tu, halafu maneno ya mwisho ya baba akapewa mtu mwingine.

Sikuomba radhi. Nilikuwa nimeshageuka, tena kulikuwa na watu.

Jumamosi, 17 Aprili.

Kituoni. Inspekta amesema baraza la kuchunguza kifo litakaa Korogwe tarehe 29, kama barabara itapitika. Nikasema nitapita hata isipopitika.

Jumapili, 18 Aprili.

Pasaka yao. Kila mwaka Ponsiano aliniletea nyama akisema ni ya mbwa, nami nilikula yote. Mwaka huu hakuna. Mvua.

Jumatano, 28 Aprili.

Lori la shamba limezama Segera mpaka magurudumu hayaonekani. Tulikuwemo mimi, askari mmoja, Lukasi na Grasiana. Askari akasema turudi. Mimi nikashuka, nikakunja suruali, nikaanza kutembea. Askari akapiga kelele, "Mzee, wewe mshitakiwa, huwezi kuondoka!"

"Nakwenda barazani kwenyewe! Nikamate ukifika."

Nilipogeuka nikawaona Grasiana na mwanawe wananifuata, viatu mikononi. Askari nyuma kabisa. Tumetembea mpaka Korogwe, mimi mbele. Tumefika miguu imevimba. Yangu haikuvimba. Tumelala Kilole, kwa Semboja, wote.

Alhamisi, 29 Aprili. Korogwe.

Nitaandika yote hata mkono ukikatika.

Chumba kidogo, mvua juu ya bati, watu wanasema kwa kupiga kelele. Hakimu mezani, mkalimani pembeni yake. Lukasi akasimama, akasema aliyoyasikia, neno kwa neno, hakuongeza hata moja. Kwa hilo namsifu. Kisha Grasiana. Kisha mimi, nikayasema yaleyale. Hakimu akauliza, "Ulimwambia abebe matita mawili?" Nikasema, "Nilimwambia."

Dakitari akaitwa. Ni Mzungu mrefu, mkongwe kama mimi, vidole vimebabuka kwa dawa. Kiswahili chake kimenyooka. Akaiweka chupa mezani. Grasiana akafunika uso kwa kanga. Mimi niliangalia.

Dakitari akasema: hakuna alama ya kupigwa. Hakuna sumu. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa miaka mingi. Mshipa mkubwa utokao moyoni, ndani ulijaa magamba, mengine ya njano kama mafuta yaliyoganda, mengine meupe na magumu. "Nilipoukata kwa mkasi ulilia kama ganda la yai." Na ile mishipa midogo inayoupelekea moyo wenyewe damu, mmoja ulikuwa umeziba kabisa, na mwingine tundu limebaki kidogo mno. Akasema katika wafanyakazi wa mashamba ya mkonge hajauona ugonjwa huu mara nyingi namna hiyo, amezoea kuuona kwa Wazungu wenzake.

Nikainuka. Hakimu akasema kaa. Nikasema, "Bwana Hakimu, mimi kazi yangu mabomba. Naomba kuona."

"Haiwezekani."

Dakitari akasema, "Mwache aone. Inamhusu."

Akautoa kwa koleo, akauweka kwenye sahani. Moyo wa Ponsiano si mkubwa kama nilivyodhani, maana siku zote alijisifu. Dakitari akanionyesha tundu. Nikachomoa uzi mmoja wa singa kwenye kofia yangu, maana singa hatuikosi mwilini sisi, nikampa. Akaushika, akaujaribu. Katika mshipa uliobaki uliingia kwa shida. Katika ule mwingine ukagonga, ukapinda. Uzi wa singa! Haukupita!

Nikasema, "Bwana, hii ni chokaa. Hili bomba lina miaka."

"Miaka kumi, pengine zaidi," akasema.

Hapo ningekaa. Mtu mwenye akili angekaa. Lakini nilitaka kujua, na nikauliza mwenyewe, hakuna aliyenituma: "Mzigo ndio uliomwua?"

Mkalimani akanivuta shati. Dakitari akanitazama sana. Akasema, "Siku ile, mzigo uliongeza. Ungeweza kuwa mzigo wowote, hata ndoo ya maji. Hata ngazi. Mwaka huu asingeumaliza."

Nimesikia. Naandika kama alivyosema, yote mawili. Bomba lilikuwa limeziba, na mzigo nilimtwika mimi kwa mdomo wangu. Wala sitasema utani ulikuwa kosa. Alikuwa anahema juu ya tita, na mimi nikaona uvivu. Hilo ndilo kosa langu, nimeliandika, limekwisha.

Hakimu akaandika, akasema kifo ni cha ugonjwa, hakuna wa kushitakiwa. Watu wakaanza kuinuka. Nikasema, "Bado."

"Nini tena, mzee?"

"Moyo. Kesi imekwisha, ushahidi hauna kazi. Nipeni niuzike."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Mimi mtani wake. Nina haki kuliko ndugu."

Hakimu akatazama karatasi, kana kwamba humo kuna mtani. Akasema anayeweza kudai ni ndugu wa damu tu. Nikasema basi sitoki, nitalala humu, askari wawili watanibeba, na mimi ni mzito. Nikakaa chini sakafuni, katikati ya chumba, kama ninavyokaa kaburini.

Ndipo Lukasi akasimama. Akasema kwa sauti ya ukarani, "Mimi ni mwanawe. Naudai. Na naomba apewe mzee huyu aubebe."

Dakitari alikuwa ameshaanza kuufunga.

Jumamosi, 1 Mei. Kabuku.

Kutoka Segera mpaka hapa tumetembea. Moyo umo ndani ya kopo la bati, kopo ndani ya gunia, gunia begani kwangu. Lukasi alisema mara tatu, "Mzee, nisaidie kubeba." Mara tatu nimekataa. Njia nzima nimemtukana Ponsiano kwa sauti. Nimemwambia, "Leo nani mpagazi? Mnyamwezi anabebwa na mtumwa wake! Babu zako wamefedheheka!" Nimemwambia, "Unajidai, umekufa ugonjwa wa Wazungu, umeupata wapi, uliiba jikoni kwa bwana shamba?" Kwenye daraja nikateleza nikaenda chini kwa magoti, kopo halikugusa maji. Grasiana nyuma yangu nikamsikia anatoa sauti. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kanga mdomoni, machozi yanatoka.

Jumapili, 2 Mei.

Tumezika. Walichimba kishimo kichwani pa kaburi, kina cha mkono. Siwezi kuingia humo mzima mzima, kwa hiyo nilijilaza juu yake kifudifudi katika matope nikasema sitoki. Watu wa shamba walikuwa wengi, hata wale waliokuwa wananikimbia. Nikawaambia, "Mlimzika bila moyo na bila mtani, mnajiita watu? Nipeni kofia yangu!"

Wengine wakaona nimezidi. Nikalala. Mvua ikanyesha mgongoni.

Grasiana akapenya katikati ya watu, akaniwekea kofia ya mumewe kichwani kwa mikono yake miwili. "Toka, mtumwa," akasema. "Umelipwa."

Nikatoka. Kofia inanibana. Siku zote nilimwambia ana kichwa cha kuku.

Jumatano, 5 Mei.

Nimefunga, leo ni siku ya pili ya Ramadhani. Mvua imekatika. Asubuhi nimepita kwenye waya za kuanikia nikiwa nimevaa kofia. Singa zimeanikwa zote, nyeupe mpaka mwisho wa macho. Pale alipokuwa anakaa amekaa mtu mwingine, kijana wa Iringa, akaniambia shikamoo. Nikaitika. Nikasimama kidogo, kwa sababu ya magoti.

Lukasi akatoa kichwa kwenye dirisha la ofisi. Nyuma yake makarani wote, na nyapara, na yule askari tuliyekwama naye Segera, aliyekuwa amekuja na barua. Kijana akameza mate. Akasema, sauti ikimpotea katikati, "Wewe mzee... wewe mtumwa wa baba yangu. Kofia hiyo umeiba wapi?"

Makarani wakanigeukia. Hata korona ilikuwa kama imesimama.

Amelisema vibaya. Mtani hamezi mate kwanza. Itabidi nimfundishe, na mimi ni mzee, na muda ni mfupi, na yeye ni mgumu wa kuelewa kama Wanyamwezi wote.

Nikajishika kiuno. Nikasema kwa nguvu, askari asikie vizuri, "Funga mdomo wako, wewe! Hata wewe nitakuzika!"

Mashahidi walikuwa tisa. Waandike.